Picha ya Kwanza ya Kila Filamu: Mama Honorata Arudi Nyakatera

Jumatano tarehe 30 Juni 1999, Mama Honorata Kokubanza atazima taa nyekundu ya chumba cha giza kwa mara ya mwisho. Atakuwa amelitumikia Shirika la Marafiki wa Misitu, hapa Alexandria, Virginia, kwa miaka ishirini na mitatu.

Ukurasa wa Kiingereza wa programu hii ya kumuaga umeandikwa na bosi wetu, na humo mtayakuta mambo ya vyeti na shukrani za bodi. Huu wa Kiswahili nimekabidhiwa mimi wa chumba cha vifurushi. Nilipouliza kwa nini mimi, bosi alisema, "Wewe ndiye unayekula naye." Ni kweli. Basi nitaandika kama mtu anayekula naye, na yale ambayo bosi hakuyaweka nitayaweka mimi, maana huku kwetu chini hafiki mara nyingi.

Mama Honorata ni mzaliwa wa Nyakatera, nje ya Bukoba, kijiji kilichoegemea msitu upande mmoja na bwawa la matete upande wa pili. Yeye ni wa kwanza kwa mama yake na Laurean ndiye anayemfuata. Alifika Washington mwaka 1969 akiwa mlezi wa watoto wa ofisa mmoja wa ubalozi. Ofisa alipomaliza muda wake akarudi nyumbani na watoto wake, na Mama Honorata akabaki, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuposwa na marehemu Mzee Isack, dereva wa teksi, mtu mpole aliyejua kila kona ya Alexandria na hakujua kukataa abiria. Mungu akawapa binti mmoja, Vumilia, ambaye leo yuko Sterling na wanawe wawili.

Shirika lilimwajiri mwaka 1976 kama mfagizi. Wakati huo chumba cha giza, kule chini kwenye orofa ya ardhini, kilikuwa cha mzee mmoja wa Kimarekani aliyesafisha picha za jarida letu. Mzee huyo alikuwa mkali, hakutaka mtu aguse hata mpini wa mlango wake. Lakini Mama alikuwa na tabia ya kuimba nyimbo za Bikira Maria huku akipiga deki, na siku moja mzee alifungua mlango akamwambia aingie aimbie humo humo, kwa sababu gizani kunachosha. Akaingia na ufagio wake. Alipotoka, miaka mitatu baadaye, alikuwa yeye ndiye msafishaji wa filamu na mzee alikuwa anastaafu. Hivyo ndivyo Mama anavyoisimulia, na tukimwambia kwamba ameikata fupi, anasema yaliyobaki ni harufu ya dawa tu.

Wageni wetu wa leo wengi mnasikia habari za kamera za kutega lakini hamjaiona hata moja. Ni kamera ya kawaida iliyofungiwa ndani ya kisanduku kisichopitisha maji, ikafungwa kwenye shina la mti kando ya njia ya wanyama. Ina jicho linalohisi joto la mwili. Mnyama akipita, inajipiga yenyewe. Hakuna mtu wa kumtisha mnyama wala wa kuliwa na mnyama. Baada ya wiki kadhaa unaichukua filamu, unaisafisha, na unajua ni nani anayeishi humo msituni. Daktari Mark, mtafiti wetu, husema hivi: ukitaka kumzuia mtu asikate msitu, muonyeshe kwanza nyuso za wenye nyumba. Shirika lilichagua filamu zisizo na rangi ili tuzisafishe wenyewe, maana yake zisafishwe na Mama Honorata.

Mwaka 1995 kamera za kwanza zilijaribiwa katika milima ya Virginia. Hapo ndipo ilipowekwa ile kanuni ambayo habari yote hii inaizunguka, kwa hiyo naomba mnisikilize. Anayetega kamera haondoki hivi hivi. Ni lazima kwanza apite mbele yake kwa magoti na mikono, kwa kimo cha mnyama, akiwa na kibao shingoni kilichoandikwa namba ya kamera na tarehe. Kamera ikimpiga, anajua inafanya kazi na haikufungwa juu mno. Ndiyo maana picha ya kwanza ya kila filamu ni ya binadamu anayetambaa.

Wa kwanza kutambaa alikuwa ndugu yetu Njuguna, mtu wa Kiambu, dereva wa Shirika. Njuguna si mtu mwembamba. Alitambaa vizuri, lakini kamera ilichelewa kidogo, ikamngoja apite ndipo ikampiga kwa nyuma, na suruali yake ilikuwa imeshapasuka kwenye mshono. Alipoiona picha ikikauka kwenye kamba alipiga magoti kwa mara ya pili: "Mathe, nakuomba, hiyo choma!" Mama alimwambia asiwe na wasiwasi. Kesho yake ilikuwa ukutani katika jiko la ofisi, imekuzwa hadi ukubwa wa kalenda, na chini yake Mama ameandika: *Dubu wa Kiambu*. Iko pale hadi leo. Dubu wenyewe wa Virginia walikuja kupigwa picha baadaye, na Daktari Mark alikiri kwamba hawakumfikia Njuguna.

Mwaka uliofuata Daktari alikuwa anatafuta msitu wa Afrika Mashariki ambao haujachunguzwa. Aliuliza wakati wa chai, bila kutegemea jibu, kama mtu anavyouliza hali ya hewa. Mama akaweka kikombe chini akasema, "Kwetu kuna nzohe." Kwa msiojua, nzohe ni swala wa kwenye matete, mwenye kwato ndefu za kukanyagia matope, na akishtuka huzama majini akabakiza pua tu. Mama alimwona mara moja akiwa msichana. Alituambia alivyotokea asubuhi kwenye ukungu, akamtazama, akarudi kwenye matete bila haraka, kama mtu aliyesahau kitu ndani. Tulikuwa tumekula naye miaka na miaka, na hatukuwahi kumsikia akizungumzia kwao kwa sauti ile.

Kamera zikapelekwa Nyakatera. Aliyeajiriwa kuzitega na kuzitunza ni mlinzi wa msitu wa pale pale, naye ni Laurean Rwegoshora, mdogo wake Mama.

Filamu ya kwanza ilipofika mimi ndiye niliyeishusha chini. Aliingia nayo, nikarudi kwenye vifurushi vyangu. Baadaye nikasikia mlango, naye akatoka na kipande cha negativi, filamu iliyokwisha kusafishwa, kinachotona maji, akaketi juu ya maboksi yangu bila hata kuuliza yana nini. Alikiinua kwenye taa. Akaniambia nitazame. Niliona mtu amepiga magoti kwenye majani, amevaa suti na tai, kibao kinaning'inia kifuani kama kengele ya mbuzi, na uso ameuinua, anatazama moja kwa moja kwenye kamera.

"Amezeeka huyu," Mama alisema. Akakisogeza karibu zaidi na taa. Kisha: "Na hiyo ni suti ya baba."

Walikuwa hawajaonana tangu 1987, mwaka ambao mama yao alifariki. Mama Honorata alisafiri akafika siku ya tatu baada ya mazishi, akakaa wiki mbili, akarudi. Hajaenda tena.

Sasa, kwenye filamu ile, baada ya Laurean hakukuwa na kitu. Picha zote zilizofuata zilionyesha njia tupu, kamera imedanganywa na joto la jua. Filamu ya pili ikawa vile vile, Laurean na suti yake, halafu njia. Ya tatu pia. Ghorofani wakaanza kusema kwamba Nyakatera haina wanyama, kamera zihamishwe. Mama alisikia hayo kwenye ngazi. Siku hiyo hakula, na siku hiyo nilielewa kwamba hakuwa akihofia nzohe peke yake. Kamera zikihama, Laurean naye anaondoka tena machoni pake.

Daktari Mark alipanda ndege kwenda kuona mwenyewe. Alikuta njia ya wanyama imefagiliwa kama uwanja wa kanisa siku ya kipaimara. Majani yamefyekwa, matawi yameondolewa, na mawe yamepangwa pande zote mbili. Laurean alikuwa akija na ufagio kila asubuhi, akiizima kamera kwanza ili isimpige akifagia. Daktari alimuuliza kwa upole ni nini hiki, naye akashangaa kuulizwa: "Picha si zinafika kwa dada yangu mkubwa? Nimwonyeshe kwao pakiwa pachafu?"

Bila shaka wanyama walikuwa wamehama. Ni mnyama gani atakayepita mahali panaponuka binadamu na palipo wazi kama sebule? Daktari alipotuletea habari hii ofisi nzima ilicheka, na Mama akacheka kuliko wote, hadi akajifuta macho kwa aproni. Lakini aliomba simu ya bosi, akapiga parokiani kwao, Laurean akaitwa. Sisi tulikuwa tumesimama mlangoni bila aibu yoyote. Alimkaripia kwanza kwa Kihaya, jambo ambalo hatukulielewa ila kwa kasi yake. Kisha akaingia Kiswahili, nadhani kwa ajili yetu, na sauti ikashuka: "Laurean, mimi si mgeni. Acha majani yaote."

Majani yakaota. Haikuchukua muda, zikaja picha. Nungunungu, fungo, chui jike na mwanawe. Na asubuhi moja tulisikia vigelegele kutoka chumba cha giza, bosi akateremka mbio akidhani kuna ajali. Nzohe dume alikuwa amesimama ukingoni mwa matete, maji yanachuruzika kidevuni, anatazama pembeni kama aliyesahau kitu. Habari za kuhamisha kamera zikaishia hapo. Leo hii sehemu ya bwawa lile hairuhusiwi kulimwa wala kuchomwa moto, na wanaoketi kwenye mikutano ya wilaya huweka mezani picha zilizosafishwa na Mama huyu.

Na kwa kuwa tumemtaja chui, siwezi kuacha siku ya kengele ya moto. Mama alikuwa amebandika ndizi na maharage kwenye jiko la ofisi, akateremka kusafisha filamu, ndizi zikaungua, moshi ukajaa, kengele ikalia jengo zima. Tukatoka wote hadi barabarani. Alikosekana yeye. Askari wa zimamoto wakagonga mlango wa chumba cha giza, wakasikia sauti ya Mama imetulia kabisa: "Nina chui mkononi. Sitoki." Alikuwa na filamu nje ya kopo, na mlango ukifunguliwa mwanga unaila. Walimngoja. Bosi ameandika kwenye ukurasa wake kwamba Mama hajawahi kuharibu filamu hata moja. Hakuandika kuhusu ndizi.

Kanuni ya kazi inasema picha ya kwanza ikatwe na kutupwa kabla filamu haijapanda kwa watafiti, kwa sababu si mnyama. Mama alimuuliza Daktari kama anaweza kuzichukua yeye. Daktari akasema zote ni zake. Ndipo zikaanza kupanda kwenye ukuta wa jiko la nyumba yake, hapo West End, juu ya sufuria. Siku ya kwanza nilipozikuta nilidhani ni picha za mtu wa Mungu anayesali, nikavua viatu. Mama hajaacha kunitania kwa hilo.

Ukizitazama kwa mfuatano unaona maisha. Laurean na suti. Laurean na sweta, baada ya kukatazwa suti, maana ghorofani waliandika kuuliza kwa nini mlinzi anatambaa na tai. Laurean na tawi la mtende, wiki ya Matawi. Laurean na mjukuu mgongoni, mtoto ameshika kola kama hatamu. Laurean msimu wa senene, wale panzi watamu wa kwao, ameshika mfuko umejaa na ameuinua juu ili dada aone alichokosa. Mama aliiita hiyo "picha ya uchokozi" na akaifanya kubwa kuliko zote.

Halafu kuna jambo ambalo alinieleza mara moja tu, tukiwa kwenye basi tunatoka Langley Park, tumebeba ndizi mbichi za dukani kwa Wasalvador. Kwao, salamu kamili hupigiwa magoti, na hasa wanaopiga magoti ni wanawake na watoto. Mwanamume mzima haonekani akipiga magoti njiani. Wenzake Laurean walimcheka sana alipoanza kazi ya kutambaa. Naye akawajibu kwamba yeye hatambai, anamsalimu dada yake mkubwa, na kama wao hawana dada Marekani wa kuwasalimu, wamwache. "Basi kila filamu ikija," Mama aliniambia, "mdogo wangu ananipigia magoti. Na mimi namjibu gizani, peke yangu. Hanisikii."

Akazitazama zile ndizi mapajani. Akasema ni nzuri, ila huwa haziivi zikawa laini kama za kwao hata uzipike namna gani.

Mtu akiuliza kwa nini hakwenda, jibu liko wazi kwa kila mmoja wetu hapa. Kwanza Vumilia asome. Kisha Mzee Isack akaugua, naye akafariki 1991, na Mama akasema hawezi kuondoka kaburi likiwa bado bichi. Kisha wajukuu. Neno lake lilikuwa "mwaka ujao, nikijaliwa," na sote tulilizoea hata tukaacha kulisikia. Lakini mimi niliyekuwa nashuka pale chini nilimkuta mara nyingi akitazama picha ambazo hazikuwa na mnyama wala mtu. Aliikuza moja ya jiwe tu. Nilipouliza, akasema ni jiwe la kutulia, ambapo wasichana waliotoka kuteka maji walitua mitungi. Bado lipo, alisema. Hawakulisogeza.

Ndipo zikaja mvua kubwa za mwisho wa mwaka 1997, zile zilizovunja madaraja kote nyumbani. Kwa miezi hatukupata kitu kutoka Nyakatera. Filamu ilipofika hatimaye ilikuwa na ukungu ukingoni. Nilimngoja Mama atoke. Alipotoka hakuketi. Alinipa negativi, akashika mlango.

Aliyekuwa anatambaa si Laurean. Alikuwa mwanamke wa makamo, anacheka, kibao shingoni. Mama alimtambua baada ya kutazama sana. Ni jirani yao, jina lake Sikujua, mjane aliyekuwa akimsaidia Laurean kubeba vifaa. Laurean hakuwemo popote. Simu ya parokia ilikuwa haiiti, laini zimeanguka. Filamu iliyofuata, ni yule Sikujua tena.

Wiki zile zilikuwa nzito. Mama alifanya kazi kama kawaida, pengine zaidi. Njuguna alijitolea kumpeleka nyumbani kila jioni na gari la Shirika, na hakutania hata kidogo, jambo lililomtia Mama hofu zaidi. Mimi ni Mpentekoste na yeye ni Mkatoliki wa rozari. Tulikuwa na mabishano yetu ya miaka kuhusu watakatifu. Tuliyaweka kando, tukafunga na kuomba pamoja kati ya maboksi saa ya chakula cha mchana, kila mtu kwa njia yake, nami nikajifunza kungoja aimalize ile rozari. Siku moja alisema, katikati ya sala, kwa Mungu au kwangu sijui: "Mtu aliyekuwa akinisalimu kila mwezi hawezi kuacha bila sababu."

Filamu ya tatu ilifika siku ya theluji. Hakutaka kuingia nayo. Alisimama nayo mkononi, bado ndani ya bahasha, akanifundisha namna ya kuvaa aproni ya kukinga maji ili nikaingie mimi, mimi nisiyejua hata pa kuwashia. Kisha akabadili mawazo, akajifunga aproni akaingia. Nilisikia maji yakifunguliwa. Sikusikia wimbo.

Alitoka akicheka na kulia, vyote kwa pamoja, kama siku ile ya habari za ufagio. Yule Sikujua alikuwa anatambaa mbele kwa bidii. Na nyuma yake, pembeni mwa picha, Laurean ameketi kwenye kigoda katikati ya majani marefu, fimbo mapajani, mguu mmoja umenyooshwa na umefungwa bandeji kutoka pajani hadi chini. Amevaa ile suti ya baba. Kofia ameivua, ameishika kifuani, na ameinamisha kichwa.

Habari kamili zilikuja simu zilipotengenezwa. Alikuwa ameteleza kwenye gogo la kuvukia bwawa wakati wa mvua akienda kunusuru kamera, goti likavunjika. Kamera ilipona. Goti halikupona sawasawa, na daktari wa hospitali ya misheni alimwambia kwamba kupiga magoti ndiyo basi tena. Filamu mbili alikuwa kitandani. Ya tatu alidai abebwe hadi msituni. Yule Sikujua alimwambia ni wazimu, akae nyumbani, atamsalimia yeye. Laurean akamjibu, "Wewe unatambaa kwa ajili ya Daktari. Ya dada ni yangu."

Siku iliyofuata Mama alipanda ghorofani. Bosi anasema aliingia, hakuketi, akamwambia kwamba mwaka ujao umefika. Bosi alimbembeleza kwa muda mrefu, na ndiyo sababu tumekuwa naye hadi Juni hii, ili amfundishe Ghati, atakayeshika nafasi yake. Ghati anaendelea vizuri, isipokuwa haimbi, na Mama amemwonya kuhusu hilo.

Vumilia ndiye aliyekuwa na kazi ngumu. Alikuja kutoka Sterling na watoto, akamuuliza mama yake, huko Nyakatera, baada ya miaka yote hii, atazungumza na nani? Mama akawatazama wajukuu, ambao yeye huwasemesha kwa Kiswahili nao humjibu kwa Kiingereza bila kuinua macho kwenye televisheni, akasema, "Nitazungumza na watu wanaojibu kile nilichowauliza." Walicheka wote, hata watoto, maana kusikia wanasikia. Lakini Vumilia alilia walipokuwa wanaosha vyombo, na Mama akamwacha alie, akampa vyombo vya kukausha. Siku hizi mjukuu mkubwa humpigia simu bibi na kusema "Shikamoo" kabla ya kitu kingine chochote. Ni neno moja. Mama huweka simu kifuani kabla ya kujibu.

Msidhani anaondoka kama mtu anayetoka kifungoni. Jumapili iliyopita tulikwenda naye makaburini kumuaga Mzee Isack. Alimng'olea magugu, akampangia maua, akazungumza naye kama mtu anayeacha maagizo ya nyumba. Tukirudi aliniambia: "Nimekaa huku nikiwaza kule. Nikifika kule, najua nitawaza huku. Mungu hakutuumba na moyo wa kukaa mahali pamoja." Wengi wetu tulio katika ukumbi huu tunalijua hilo kila tunapofungua mlango wa nyumba zetu na kukuta harufu ambayo si ile.

Shirika limemruhusu aondoke na kamera moja na kibao kimoja, na Daktari Mark amekubali, baada ya kufikiri kidogo, kwamba Mama atategesha mwenyewe kituo cha kwanza akifika. Ana umri wa kutosha kukataa kutambaa. Amekataa kukataa. Wiki hii nzima tumemkuta akifanya mazoezi kwenye zulia la chumba cha vifurushi, Njuguna anamkosoa kutoka mlangoni kama mwalimu: "Mathe, shusha mgongo, wewe ni nzohe au ni kabati?" Naye anamjibu kwamba heri kabati kuliko dubu.

Lakini mimi amenieleza anachokusudia, na amenipa ruhusa niandike. Hatatambaa kwa ajili ya kamera tu. Atamketisha Laurean kwenye kile kigoda, nyuma ya kamera, ili anayeielekea kamera awe anamwelekea yeye. Kisha ataivaa kanga yake, ataweka kibao shingoni, na dada mkubwa atamwendea mdogo wake kwa magoti, katikati ya majani ambayo hayakufyekwa. Kwao haijawahi kuonekana, mkubwa kumpigia magoti mdogo. Anasema watamcheka. Anasema zile salamu zote alizijibu gizani ambako hakuna aliyemsikia, na sasa anataka kujibu mchana.

Asante, Mama Honorata, kwa kila filamu uliyoitoa gizani ikiwa salama, kwa ndizi zilizoungua na zilizoiva, na kwa kutuonyesha wenye nyumba wa misitu ambayo hatutaikanyaga. Asante kwa kututania tulipokuwa tunahitaji, na kwa kunyamaza tulipokuwa tunahitaji zaidi. Mungu akutangulie angani na nchi kavu, akufikishe kwa Laurean ukiwa mzima wa magoti na wa roho, na majani ya Nyakatera yakupokee yalivyo.

Filamu hiyo ikifika, nitaishusha mimi. Ghati ataisafisha, sisi wote tutakuwa tumesimama mlangoni bila aibu. Na picha ya kwanza, Mama, hatutaikata.

*Chepngetich, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako*